Sungura wanaohara: nilivyookoa sita kati ya wanane

Sipendi kabisa ule usemi kwamba sungura ni mnyama dhaifu, akianza kuhara wewe andaa jembe. Wetu walihara. Wawili tuliwazika chini ya mparachichi, na sita wako hai mpaka leo hapa Kihesa, Iringa, wanakula kuliko mbuzi. Naandika kwa ajili ya wale wawili, hasa wa pili, ambaye naamini hakuuawa na ugonjwa bali na ushauri.

Wanangu walianza na jike mweupe, Pamba, na dume mweusi, Mkaa. Si wa kitoweo. Kila jioni hutolewa, wakabebwa na kulishwa karoti mkononi. Pamba akazaa watoto sita, na nyumba nzima ikawa sherehe.

Mvua za Iringa zilikolea Desemba, na kufikia Januari mbao za banda zilikuwa hazikauki. Watoto walikuwa na wiki 6, ndiyo kwanza wameacha kunyonya. Mmoja akaanza kujikunyata pembeni. Manyoya yamesimama, tumbo limejaa, lakini ukipitisha kidole mgongoni unahesabu mifupa. Alikuwa anasaga meno. Sungura aliyetulia kimya huku akisaga meno kwa nguvu yuko kwenye maumivu, na huyo si wa kusubiri kesho. Mimi nilisubiri kesho. Alfajiri nilimkuta amekauka.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Mzee jirani, tulipomaliza kuitikiana kamwene, salamu ya huku kwetu, akasema, "Mnyalukolo, ni majani yenye umande hayo." Mama wa nyumba ya pili akataka nitenganishe banda langu na kuku wake wasije wakaambukizwa. Mwingine akaniletea dawa ya minyoo ya mbuzi, nikawapa, wakaendelea kuhara vilevile. Sasa najua kwa nini. Tulichokuwa nacho ni koksidia, na koksidia si mnyoo. Ni kiumbe wa chembe moja anayeishi ndani ya kuta za utumbo na kuzibomoa, ndugu wa yule anayewaletea vifaranga kuhara damu. Nasema ndugu kwa sababu si yule yule: wa sungura hamuingii kuku, na wa kuku hamuingii sungura. Yule mama nilimfafanulia baadaye, akatulia.

Kilichoniumiza hasa ni duka la dawa. Nilieleza kwamba sungura anahara. Muuzaji hakuuliza umri, hakuuliza kinyesi kikoje. Akanikatia vidonge vya amoksilini, niponde nichanganye na maji. Mgonjwa wa pili alikuwa bado anatafuna majani. Alipokunywa siku moja na nusu aliacha kula kabisa, siku ya tatu akafa. Daktari wa mifugo nilipomweleza alishika kichwa. Sungura ana mfuko mkubwa kwenye utumbo wake ambamo bakteria wema wanayachachusha majani, na bila hao hana chakula. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, zote huwaua hao wema, kisha wabaya wenye kutoa sumu wanakaa pale. Dawa tunayowapa watoto wetu wenyewe bila wasiwasi! Usimpe sungura kwa mdomo, hata akikuandikia nani.

Huyo wa pili nilimpasua kabla ya kumzika, watoto wakiwa shuleni. Haikuwa rahisi, lakini nilitaka kuona ini. Kuna koksidia wa ini, ambaye huacha madoa meupe kama punje za mtama. Ini lilikuwa safi, utumbo ndio uliokuwa mwekundu na umejaa maji. Kwa hiyo adui alikuwa utumboni, ila bado sikuwa nimemwona.

Ninaye rafiki anayefundisha biolojia sekondari, na shule yao ina hadubini. Jumamosi nikamfuata na vijungu vitatu vya kinyesi: cha watoto, cha Pamba na cha Mkaa. Mara ya kwanza tulifanya kama tulivyodhani. Tukapaka kinyesi kidogo kwenye kioo, tone la maji, tukachungulia. Nyuzi za majani tu. Tukabadilisha kioo mara nne, tukahangaika na mwanga, hakuna kitu. Rafiki yangu akasema, "Dada, labda hawana." Nilikaribia kurudi nyumbani na jibu hilo, na nina hakika lingewaua waliobaki.

Kisha akakumbuka somo la uzito wa vimiminika, kwamba yai huzama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi. Mayai ya vimelea wengi nayo ni yale yale, mepesi kuliko maji yaliyoshiba chumvi. Tukachemsha maji, tukamimina chumvi ya mezani huku tunakoroga mpaka ikagoma kuyeyuka na kubaki chini. Kwa lita moja ni kama gramu 350 na zaidi. Yakapoa. Tukaponda vipunje vya kinyesi humo, tukachuja kwa kichujio cha chai (nilinunua kingine cha nyumbani, usijali), tukamimina kwenye kichupa cha dawa hadi maji yakatuna juu ya mdomo. Tukafunika na kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli, kikigusa maji. Tukasubiri dakika 20. Nilitembea uwanjani nikirudi mara tatu. Mayai yanapanda polepole na kujibandika kwenye kioo, kisha unakiinua wima, hukiburuzi, na kukilaza kwenye kioo kirefu.

Alipochungulia alinyamaza. Akanivuta mkono. Walikuwepo, jamani! Viduara virefu kidogo, vyenye umbo la yai kabisa, ukuta mwembamba unaong'aa na punje nyeusi katikati. Kwenye kinyesi cha watoto sikuweza hata kuvihesabu. Lakini kilichonishtua ni kijungu cha Pamba: naye alikuwa navyo, vichache, na hajawahi kuhara hata siku moja. Sungura wakubwa huwa wamezoea, wanabeba bila kuugua na kuwamwagia watoto. Nilikuwa nimejiandaa kuwatibu watoto peke yao.

Kama huna mwalimu rafiki, hapa Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Kinyesi kiwe kibichi, cha asubuhi hiyo, kwenye kichupa safi.

Picha niliyoipiga kwa simu juu ya hadubini ilimtosha daktari. Akaniandikia toltrazuri, ile ya maji ya asilimia 2.5, mililita 1 kwa lita 1 ya maji ya kunywa, siku 2 mfululizo, halafu unapumzisha siku 5 na kurudia siku 2 nyingine. Wapo wanaotumia ampiroliamu ya kuku au dawa za salfa na wakafanikiwa. Ampiroliamu lakini usiivutishe muda, inamnyang'anya mnyama vitamini B1. Bei siikumbuki vizuri. Kichupa kilikuwa kwenye elfu kumi na kitu, na kimebaki zaidi ya nusu.

Siku ya kwanza ya dawa ilipotea bure. Niliweka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji, jioni nikakuta imeshuka upana wa kidole. Sungura sita! Nikajiuliza wanaishi kwa nini, kisha nikatazama kihori chao. Kabichi, matembele, majani mabichi yaliyojaa maji. Kiu wataitoa wapi? Nikaondoa vyote, nikawawekea nyasi nilizokuwa nimezikausha darini, na pumba kidogo. Wanangu walilalamika kwamba nawatesa wagonjwa. Kesho yake asubuhi chupa ilikuwa imekwisha, na nikaanza kuhesabu siku 2 upya kuanzia hapo. Mzee wa umande hakuwa mbali na ukweli kuhusu unyevu, kama nitakavyoeleza, ingawa hakujua sababu.

Sasa banda, kwa sababu dawa haikumalizii hiyo kazi. Yai la koksidia likitoka tumboni halina madhara siku hiyo. Linahitaji unyevu, joto na hewa, siku moja hadi chache, ndipo linakomaa na kuweza kuambukiza. Ukikiondoa kinyesi kila siku umelitangulia. Ukikiacha hadi Jumamosi, unawatibu na kuwaambukiza kwa wakati mmoja. Na usitegemee dawa za kufulia wala za chooni, ganda la yai hilo linazivumilia. Maji yanayochemka ndiyo yanayoliua, na kukausha.

Nikang'oa sakafu ya mbao. Fundi wa geti akaniwekea wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, kinyesi kinapita, mguu haupiti, na nikabakiza kipande kimoja cha ubao wa kulalia ili nyayo zisichubuke. Bakuli la maji, ambalo walikuwa wanalikalia, nikalitupa na kuweka chupa yenye ncha ya chuma ya kunyonyea. Nyasi zinaning'inizwa, haziwekwi chini. Kila asubuhi kabla ya shule tunakwangua, tunamwaga birika la maji ya moto kwenye wavu na ubao, jua likiwepo ubao unatolewa nje. Wakati wa mvua nina mbao mbili, moja inakauka jikoni. Watoto wameshika zamu bila kusukumwa, kwani wao ndio waliochimba yale makaburi.

Yule aliyekuwa hoi kuliko wote nilimpima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya kikapu, gramu 610. Wiki tatu baadaye alikuwa amevuka 900, na kinyesi chake punje kavu za duara, za kupendeza kabisa.

Pamba ana mimba tena, na sungura hubeba siku 31 hivi. Jana nilirudi kwa rafiki yangu na kichupa chake. Tulihangaika kioo kizima tukapata mayai matatu. Kisanduku cha kuzalia nimekimwagia maji ya moto asubuhi hii, sasa kiko juani, na mwanangu mdogo amekaa kando yake kuzuia kuku wasikanyage.