Mguu wa Meza: Uzoefu Wangu wa Kufasiri Makala za Majaribio ya Kumuua Hitler

Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu. Karakana yangu iko Langoni, chini ya nyumba ya ami yangu, ambaye kila siku baada ya sala ya isha hushuka na kukaa barazani pamoja na wazee wenzake mbele ya dele la kahawa. Mpwa wangu anayesoma Mombasa ndiye aliyeniletea flashi iliyojaa makala za televisheni, na tano kati ya makala hizo zilihusu ulinzi wa Adolf Hitler na majaribio ya kumuua yaliyoshindikana. Nilipoziwasha jioni moja kwenye televisheni ya karakanani, wazee waligeuza viti vyao kuelekea mlangoni, na kwa kuwa msimulizi alisema Kiingereza kitupu, ikawa kazi yangu kuwafasiria.

Usiku huo wa kwanza niliharibu. Msimulizi alisema kwamba bomu la Munich, mji wa Ujerumani, lilitegwa lilipuke saa tisa na dakika ishirini kwa hesabu ya Kizungu, nami kwa haraka nikatamka hivyo hivyo, saa tisa na dakika ishirini, hata wazee wakaelewa kuwa ni alfajiri mbichi na wakauliza ni mkutano gani wa hadhara unaofanyika watu wakiwa wamelala. Mkoba wa ngozi ambamo kanali mmoja alificha bomu jingine niliuita sanduku. Kiwashio cha bomu nikakiita utambi. Ami yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha kikombe chake.

"Mwanangu, nambie. Mtu aingia na sanduku, ndani mna utambi watoa moshi, na walinzi wote wale wamesimama. Hao ni walinzi au ni masanamu?"

Sikuwa na jibu, na kosa lilikuwa langu, si la walinzi wale. Ndipo nilipoamua kwamba, kabla ya kuwasha makala nyingine mbele ya watu, ningezisikiliza zote peke yangu nikiwa na daftari. Kazi hiyo ilinichukua wiki nzima, usiku kwa usiku, nikisimamisha kila baada ya dakika mbili tatu ili niandike jina, saa, na kifaa kilichotajwa.

Saa zilikuwa rahisi kurekebisha. Kiwashio ndicho kilichonipa taabu, kwa sababu hakikuwa na moto wala mshale wa saa. Kilikuwa kijibomba chembamba chenye chupa ndogo ya asidi ndani yake. Mtu alikibana kwa koleo, chupa ikavunjika, asidi ikaanza kula waya, na waya ulipokatika pini ikaachiliwa na kupiga kilipuzi. Hapakuwa na moshi wala mlio. Niliandika daftarini kwamba nitawaambia wazee wakumbuke maji ya betri yanavyotoboa kanzu, kwamba huoni chochote yanapodondoka, na kesho yake kitambaa kimeliwa. Mfano huo ulifaa kuliko neno lolote ambalo ningebuni. Ulieleza pia kwa nini muda wa kiwashio cha namna hiyo hautabiriki: joto huharakisha asidi na baridi huichelewesha.

Tatizo la pili ni kwamba makala hazikukubaliana. Juu ya Georg Elser, yule seremala aliyetega bomu katika ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller huko Munich, makala iliyoonekana kuwa ya zamani zaidi ilidokeza kwamba pengine alitumwa na watawala wenyewe ili Hitler aonekane ameokolewa na majaliwa. Mbili nyingine zilisema alifanya kazi peke yake. Nilichelewa kuamua nifasiri ipi, mpaka nilipoelewa kwamba kumbukumbu za mahojiano yake mbele ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, zilipatikana baadaye, katika miaka ya 1960, na kwamba humo alieleza kazi yake hatua kwa hatua kwa namna ambayo mtu aliyeifanya kwa mikono yake ndiye angeweza kuieleza. Makala ya zamani nikaiweka kando.

Nakiri kwamba hapo sikuwa mfasiri tena, nilikuwa fundi anayemtazama fundi mwenzake. Elser alikuwa akifika ukumbini jioni, anakula chakula chake kama mteja mwingine yeyote, kisha anajificha mpaka milango ifungwe. Kwa siku 30 na zaidi alichimba nguzo ya matofali iliyokuwa nyuma ya jukwaa la msemaji. Nguzo hiyo ilivikwa mbao kwa nje, naye alikata kijimlango katika mbao hizo, akakilinganisha kiasi kwamba mhudumu wa mchana angepangusa vumbi juu yake asione ufa. Mwanga wa kurunzi aliupunguza kwa kitambaa cha buluu. Mapigo mazito ya patasi aliyasubirisha mpaka maji ya vyoo, ambayo yalijimwaga yenyewe kila baada ya muda, yaanze kuvuma, ndipo akapiga. Kifusi alikikusanya na kukitoa nje kwa sanduku la safari (hilo lilikuwa sanduku kweli). Upande wa ndani wa kijimlango alipigilia bati, ili mtu akigonga asisikie uwazi, na ili mapambo ya sherehe yakitundikwa msumari usipenye. Saa za bomu alizifunga katika kasha lenye bitana ya gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa ili mlio wake usisikike. Magoti yake yaliumia na kutunga usaha kwa kupiga magoti usiku kucha. Nimechonga mifaa ya milango kwa miaka mingi nikiwa nimepiga magoti juu ya gunia, mchana, watu wakinisalimu, na bado jioni natembea kama mzee.

Makala zote tano zilitoa muda mwingi kwa majenerali na makanali, na kidogo sana kwa huyu seremala. Sijui ni kwa sababu hakuwa na sare ya kupigwa picha. Mimi nilimpa jioni nzima peke yake.

Bomu lake lililipuka tarehe 8 Novemba 1939, saa tatu na dakika 20 usiku, sawasawa na alivyolitega. Watu 8 walikufa, mmoja wao akiwa mhudumu wa kike wa ukumbi, na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Hitler alikuwa ameondoka dakika 13 kabla. Ukungu ulikuwa umetanda, ndege haikuaminika, na ilimbidi awahi treni ya kurudi Berlin, hivyo hotuba ambayo kila mwaka ilikuwa ndefu safari hii aliianza mapema na kuifupisha. Elser mwenyewe alikuwa amekwisha kamatwa huko Konstanz, karibu na mpaka wa Uswisi, kabla bomu halijalia. Walimfunga miaka mitano na zaidi, wakampiga risasi katika kambi ya wafungwa ya Dachau tarehe 9 Aprili 1945, wiki chache kabla vita havijaisha.

Ami yangu, ambaye Wajerumani huwaita Wadachi kama alivyowasikia wakiitwa na babu yake, kwa kuwa wakati fulani walikuwa na posta yao hapa hapa Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, aliuliza nani alikuwa akilinda ukumbi usiku zote hizo. Ukweli ni kwamba ukumbi ule uliachwa mikononi mwa watu wa chama cha Hitler, Wanazi, badala ya polisi. Msimulizi alikuwa ametumia nusu saa kusifu magari yenye vioo vizito, kikosi cha Johann Rattenhuber, mkuu wa walinzi wa Hitler, na vijana wa SS, jeshi la chama, waliochaguliwa kwa urefu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akigonga nguzo.

Kazi kubwa ilibaki kwenye tukio la 20 Julai 1944, kule Wolfsschanze, makao ya kijeshi ya Hitler msituni Prussia Mashariki, jimbo la Ujerumani wakati huo. Claus von Stauffenberg, yule kanali mwenye mkoba, aliyekuwa amepoteza jicho moja, mkono wa kulia na vidole viwili vya mkono wa kushoto katika vita vya Tunisia, alipita vizuizi vya walinzi, akabana kiwashio kwa koleo iliyopindwa ili ifae vidole vyake vitatu, akaweka mkoba chini ya meza ya ramani karibu na Hitler, akatoka kwa kisingizio cha simu. Chumbani walikuwamo watu zaidi ya 20. Saa sita na dakika 42 mchana mkoba ulilipuka. Wanne walikufa. Hitler alitoka na ngoma za masikio zilizopasuka na suruali iliyochanika vipande, na alasiri ile ile akampokea Mussolini, kiongozi wa Italia, kituo cha treni.

Makala zinasema mguu wa meza ndio uliomwokoa, na hapo barazani hapakukalika. Mguu wa meza! Kila mmoja aliufikiria mguu wa kukereza, mwembamba kama wa meza ya chai, na hata mimi nilipoutamka sikuuamini. Nilirudi kwenye picha, nikazisimamisha, nikatazama kama fundi. Haukuwa mguu kama tunavyoujua sisi. Meza ile ilikalia magogo mawili mapana na mazito, kila moja likikata upana wa meza kama ukuta mfupi. Mkoba ulikuwa upande wa ndani, wa Hitler. Kanali Heinz Brandt, aliyetaka kusogea aione ramani, aliukuta umemzuia miguu akausogeza upande wa pili wa gogo.

Kwa hiyo niliacha maneno. Nilichukua mabaki ya mvule, nikatengeneza meza ya urefu wa dhiraa moja na vijigogo viwili vya kuikalia, nikasimamisha vigingi vya kahawia kuwa watu, na kimoja nikakipaka chaki kiwe Hitler. Mkoba ulikuwa kiberiti. Jioni yake nilizima taa, nikaweka kurunzi ndogo mahali Stauffenberg alipouacha mkoba: kigingi cheupe kikang'aa chote. Kisha nikaihamishia upande wa pili wa gogo, pale Brandt alipouweka. Kigingi cheupe kikamezwa na kivuli, na vigingi vya mwisho wa meza vikawaka.

Pakawa kimya. Maalim mmoja, ambaye ndiye mbishi kuliko wote, alinyanyua kurunzi akarudia mwenyewe mara tatu.

Niliwaeleza kwamba mlipuko haufuati mstari kama mwanga, na kwamba gogo halikuwa sababu pekee. Siku ile ilikuwa ya joto, madirisha yalikuwa wazi, na kuta za kibanda kile hazikuubana mlipuko kama ambavyo zege ya handaki ingeubana. Hitler alikuwa ameinamia ramani, ubao mzito wa meza ukiwa chini ya kifua chake. Na Stauffenberg alikuwa na vipande viwili vya baruti, lakini askari alikuja kumharakisha akiwa bado anatega, akawahi kutega kimoja tu, cha pili akamwachia msaidizi wake. Angekitia mkobani hata bila kiwashio, cha kwanza kingekilipua.

Habari iliyowashangaza zaidi ilimhusu Brandt. Tarehe 13 Machi 1943, kule Smolensk, Urusi, maafisa waliokuwa wakipanga kumuua Hitler walimwomba mtu apande na kifurushi katika ndege ya Hitler, wakisema ni chupa mbili za kileo cha Kifaransa za kumpelekea rafiki. Aliyekubali kukibeba ni Brandt huyo huyo, asiyejua alichoshika. ("Astaghfirullah, na bado yampasa aitwe mlevi," akasema ami.) Ndege ilitua salama. Fabian von Schlabrendorff, mmoja wa maafisa hao, alipokwenda kukirudisha kifurushi na kukifungua, alikuta asidi imekula waya na pini imepiga, lakini kilipuzi hakikuwaka, na lawama hupewa baridi ya ndegeni. Miezi kumi na sita baadaye Brandt akausogeza mkoba, akakatika mguu, akafa kwa majeraha.

Baada ya hapo majaribio mengine niliyapitisha haraka. Rudolf-Christoph von Gersdorff, afisa mwenzao, alijifunga mabomu mwilini katika maonyesho ya Berlin tarehe 21 Machi 1943, kiwashio chake kikihitaji dakika 10, na Hitler akapita ukumbini mbio na kutoka baada ya dakika chache, hata ikambidi Gersdorff akimbilie chooni kukitegua. Maurice Bavaud, kijana wa Uswisi, alisimama na bastola Munich mwaka 1938 akazibwa na mikono ya watu waliokuwa wakimsalimu Hitler. Wazee walianza kuhesabu kwa vidole ni mara ngapi mlinzi ndiye aliyezuia jambo. Vidole vyote vilibaki vimekunjwa. Kilichomwokoa kila mara kilikuwa ukungu, baridi, haraka zake mwenyewe, au mtu aliyetaka kunyoosha miguu.

Maalim hakukubali kwamba hilo ndilo jibu lote, akasema kubadilisha saa na njia bila kumwambia mtu ni ulinzi pia, tena ulio bora kuliko kikosi cha Rattenhuber. Nadhani ana hoja, na Hitler mwenyewe aliamini vivyo hivyo. Lakini 20 Julai hakubadilisha jambo kubwa. Mkutano uliwahishwa kidogo tu, na Stauffenberg akauwahi.

Ile meza ndogo ya mvule bado iko rafuni karakanani. Wateja wa milango huitazama wakidhani ni ya kuuza. Gogo moja nimelibandika upya mara mbili kwa gundi, kwa sababu kila mzee anayeleta mgeni hulichomoa ili amwonyeshe kiberiti kilikuwa upande gani.