Folda Iliyobaki Nangurukuru

Barua pepe iliingia saa tatu usiku, nikiwa nimekaa kitandani gesti, Kilwa Masoko. Ilikuwa Septemba 2018, wiki ya pili ya utafiti wetu wa afya ya uzazi. Anwani sikuijua, ilikuwa na jina la steshenari moja ya Nangurukuru. Ujumbe wenyewe ulikuwa mstari mmoja: "Dada, data ya leo hii hapa, gari limetuharibikia, tunalala huku." Chini yake faili la zip. Ndani ya zip, fomu 31.

Nilifungua moja kwa Notepad. Jina la mama, kijiji, namba ya simu. Halafu majibu yake: mimba ngapi amebeba, ngapi zimeharibika, mara ya mwisho kupima virusi vya UKIMWI, na lile swali ambalo wadodosaji wetu walifundishwa kuliuliza kwa sauti ya chini, faragha, mtu mwingine asisikie: je, mumeo amewahi kukupiga? Yote yanasomeka, kama barua iliyoachwa wazi mezani.

Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa data. Tulikuwa na tableti 14 (siku hizi, tangu Sensa ya 2022, kila mtu anaziita vishikwambi) na laptopu moja, niliyokaa nayo mwenyewe. Vijiji vingi vya bara ya Kilwa havikuwa na mtandao, kwa hiyo kila jioni viongozi wa timu walirudi Masoko, tukachomeka tableti kwa waya, moja baada ya nyingine, nikavuta fomu za siku. Na nilikuwa na kanuni moja niliyoirudia kila asubuhi: data isilale kwenye tableti. Mwaka uliotangulia tableti moja ilizama mtoni na kazi ya siku tatu. Hofu yangu yote ilikuwa kupoteza. Kwamba data inaweza kufika salama, nzima, bila kupungua hata herufi, na bado ikawa imeharibu, sikuwa nimeliwaza hata siku moja.

Kiongozi yule wa timu hakuvunja kanuni yangu. Aliitii. Gari lilipokufa Nangurukuru, aliona laptopu yangu iko mbali na giza limeingia, akatafuta kompyuta nyingine.

Tableti zilikuwa na pasiwedi, ndiyo. Lakini pasiwedi inazuia mwizi; mwenye kifaa anaifungua mwenyewe. Android tangu toleo la 6 ina busara yake: ukichomeka waya kwenye kompyuta, kifaa kinachaji tu mpaka aliyekishika aruhusu mafaili yaonekane. Yeye aliruhusu, kwa sababu mimi nilimfundisha kuruhusu kila jioni bila kujiuliza kompyuta iliyo upande wa pili ni ya nani. Na ODK Collect, programu tuliyokusanyia majibu, wakati ule ilihifadhi fomu kwenye folda ya kawaida iitwayo odk. Akaikuta, akainakili kwenye kompyuta ya dukani, akaibana, akaituma kwa barua pepe ya duka.

Sikulala. Alfajiri nilipanda Noah ya kwanza.

Kijana wa steshenari alikuwa anafagia kibaraza. "Karibu dada, unaprinti?" Nikamweleza. Akaniwashia kompyuta, na pale kwenye skrini, katikati ya kadi za harusi, barua za kuomba kazi, vivuli vya vitambulisho vya watu na folda za bongofleva, ilikuwapo yetu. Nikamuuliza kama ameifungua. Akanyamaza kidogo. "Nilifungua moja tu dada, nione kama imeingia. Nikaona ni mambo ya watu, nikafunga." Nilimwamini, na mpaka leo namheshimu kwa jibu hilo, maana angeweza kusema hapana.

Tulifuta folda, tukafuta na zip, tukamwaga pipa la taka. Kwenye barua pepe ya duka tukafuta ujumbe uliotumwa, kisha tukaingia kwenye takataka zake tukaufuta tena, kwa sababu Gmail huushikilia humo siku 30. Akadhani tumemaliza. Nikamwambia bado. Kufuta faili kwenye Windows ni kung'oa kibao cha nyumba. Nyumba yenyewe imesimama pale pale, na mwenye programu ya kurejesha mafaili anaingia. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika cipher /w na herufi ya diski. Amri hiyo hupita kwenye nafasi yote iliyo tupu mara tatu: mara ya kwanza inaandika sifuri, ya pili inaandika kinyume chake, ya tatu inaandika namba za ovyo, mpaka kilichokuwapo kisiwe na mahali pa kujificha. Diski ilikuwa kubwa na ya zamani. Nilikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi hadi saa nane mchana, vitone vikitambaa kwenye skrini, nikimlipa kijana gharama ya wateja aliowarudisha.

Nilimpigia mtafiti mkuu nikiwa pale pale. Hakupandisha sauti. Alisema kazi isimame, taarifa ipelekwe kwenye kamati ya maadili iliyotupa kibali, na wale 31 waambiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa bado, ilikuja 2022. Lakini fomu ya ridhaa tuliyowasomea wale akina mama ilikuwa na sentensi inayosema majibu yao yataonwa na watafiti peke yao.

Siku mbili nilizitumia kufanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kuondoka Dar. Nilitengeneza jozi ya funguo za kompyuta, mmoja wa kufunga tu, mwingine wa kufungua. Ule wa wazi nikauweka ndani ya fomu yenyewe, ule wa siri ukabaki ofisini. Mdodosaji akikamilisha mahojiano, majibu yanafungwa hapo hapo kwenye tableti, na hata yakipitia kompyuta ya steshenari yanabaki mkorogo usiosomeka. Gharama ilikuwapo. Fomu ikishafungwa, hakuna wa kuirekebisha tena kwenye tableti, na viongozi wa timu walilalamika, kwa haki, maana jioni ndiyo walikuwa wanasahihisha makosa. Tena fomu isiyokamilishwa inabaki wazi, kwa hiyo ilibidi kila mtu akamilishe kabla ya kutoka uani kwa mtu. Waya nao ukapewa mashine moja tu, laptopu yangu, ambayo diski yake niliifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows. Kanuni ya kutolaza data niliifuta. Gari likifa, ilale.

Kisha tukarudi vijijini. Tulikwenda wanawake peke yetu, tukawasubiri mmoja mmoja kisimani au shambani, ili waume wasiulize tumefuata nini.

Mmoja namkumbuka kuliko wengine. Tulimkuta anaanika mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmerudi?"

Nilimweleza yote, pamoja na kijana aliyefungua fomu moja nisiyojua ilikuwa ya nani. Aliendelea kugeuza mihogo. Nikamwonyesha tableti, nikamwambia sasa majibu yanafungwa kwa ufunguo. Hakuitazama.

"Lile la kupigwa," akasema, "limo?"

"Limo, mama."

"Na jina langu limo."

"Limo."

"Mdogo wangu, hilo swali nilikujibuni kwa kuwa mlisema wengi wakisema, serikali itasikia. Sasa serikali ina haja gani na jina langu?"

Nilitafuta jibu. Tuliweka majina ili tukirudi tuwapate, na ili nisimhesabu mtu mara mbili. Namba kwenye kadi ingetosha kwa yote mawili.

"Basi jina litoe," akasema. "Hayo mengine yaache."

Usiku ule, gesti, nilifungua fomu yake nikaondoa jina na namba ya simu. Nikaendelea na ya pili yake, na ya tatu, mpaka zikaisha 31. Kulipokucha nilipiga simu Dar, nikaomba sehemu ya jina itolewe kwenye fomu yetu nzima.