Nilivyoipata kahawa nzuri Unguja baada ya kupotezwa na ushauri

Kila niliyemwambia nakwenda Unguja kwa wiki mbili alinijibu lile lile: "Usikose mashamba ya kahawa." Hakuna aliyenitajia shamba lina mibuni mingapi, nami sikuuliza. Ningeuliza ningeokoa siku mbili, maana mimi ni mtu wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, nimekulia kwenye kihamba cha migomba na mibuni, na habari ya mwinuko naijua. Arabika, aina ya kahawa tunayolima kwetu, inaanza kutulia kwenye mita 1,000 hivi kwenda juu. Unguja nzima, hata ukipanda vilima vya Masingini, hufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Pemba ina vilima vingi zaidi lakini navyo ni vifupi. Hapo karafuu inastawi vizuri sana. Arabika hapana.

Kilichopo ni mashamba ya viungo. Nilipanda daladala namba 502 ya Bububu, nikaunganisha na bodaboda kuingia ndani upande wa Kidichi na Kizimbani. Utaonyeshwa mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga, vanila, na katikati ya hivyo mibuni michache. Nilikofika mimi nilihesabu saba. Kijana aliyetutembeza alisema ni arabika, lakini jani lilikataa: lilikuwa pana, lenye mikunjo kama nguo isiyopigwa pasi, na matunda yalikuwa madogo ya duara yaliyosongamana kwenye tawi. Hiyo ni robusta, na ndiyo inayovumilia joto la nchi tambarare. Jani la arabika ni jembamba zaidi na linang'aa.

Sisemi usiende. Kama una watoto ambao hawajawahi kuona kahawa ikiwa tunda, wapeleke. Omba tunda jekundu, lipasue kwa kucha, waone buni mbili zilizolaliana matumbo, wanyonye ule ute mtamu. Patana bei kabla hujaingia, na uliza kama kuonja kumo ndani yake au kunalipiwa pembeni.

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua buni mbichi pale, nusu kilo, nikaange mwenyewe. Zilikuwa zimeanikwa na ganda lake kisha zikakobolewa kwenye kinu. Kwa njia hiyo tunda linahitaji wiki mbili hadi nne za jua kali, kugeuzwa mara kadhaa kwa siku, na kufunikwa kila jioni, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi. Ukizembea siku tatu tu, ukungu unaingia na hautoki tena hata ukaange vipi. Zangu zilikuwa na harufu ya gunia lililolowa. Niliisikia, nikajiambia moto utaiondoa. Moto hauondoi.

Bibi mwenye nyumba niliyofikia aliniazima seredani na chungu. Nikamwaga nusu kilo yote kwa mpigo, mkaa ukiwa mwekundu kabisa. Dakika ya sita buni zilikuwa nyeusi nje, moshi umejaa uani, nikaepua. Nilipovunja moja, ndani ilikuwa ya rangi ya karanga mbichi. Kinywaji chake kilikuwa na uchungu wa kuungua na ladha ya nafaka mbichi kwa pamoja.

Siku ya pili nilinunua buni nyingine, kavu, kwa mfanyabiashara wa Darajani anayezileta kutoka bara. Bibi akasema, "Mwanangu, leo uutie jivu huo mkaa." Huo ndio ujanja wenyewe. Mkaa ukivikwa jivu jembamba, joto linapanda taratibu na kwa usawa. Nilitia robo kilo tu, mwiko haukusimama hata mara moja. Kwenye dakika ya tano zikawa njano na kunukia kama mkate, kwenye ya kumi zikaanza kupasuka kama bisi, na ya kumi na tatu nikaepua zikiwa na rangi ya chokoleti. Hapo usiziache chunguni, zitaendelea kuiva. Mwaga kwenye uteo, peta na upepee mpaka uweze kuzishika kwa mkono. Halafu zilale usiku mmoja kabla ya kuzisaga, zitoe hewa yake. Ukizipika papo hapo maji hayapenyi vizuri kwa sababu ya hewa hiyo.

Sasa pakiti za madukani. Zile zilizoandikwa jina la Zanzibar kwa herufi za dhahabu, zimefungwa kwa kitambaa cha khanga, mimi sizigusi tena. Nilinunua moja, imeshasagwa, imechanganywa na iliki na mdalasini, na haina tarehe ya kukaangwa. Viungo vilikuwa vinafunika kahawa iliyochakaa. Kahawa iliyosagwa, kwenye joto na unyevu wa pwani, inapoteza harufu ndani ya siku chache. Jaribio lake ni rahisi: weka vijiko viwili kwenye glasi, mwagia maji yaliyotoka kuchemka, tazama. Ikiwa mpya inaumuka na kutoa povu kama hamira. Yangu ilizama kimya. Kwa hiyo nunua buni nzima, gramu 250 basi, na swali la kwanza liwe "imekaangwa lini?" Ilikotoka utauliza baadaye.

Swali hilo hilo ndilo lililonisaidia kwenye migahawa ya Mji Mkongwe. Anayekaanga au anayepokea mzigo kila wiki anakujibu bila kufikiri. Anayesitasita, agiza chai. Kahawa zenyewe zinatoka Mbeya, Mbinga, Kilimanjaro, na robusta ya Kagera, na hilo si aibu kwa mtu yeyote. Zanzibar Coffee House ya Mkunazini, kwa mfano, imejijengea jina kwa uhusiano wake na shamba la Utengule kule Mbeya. Kikombe cha mgahawa kinaweza kufika elfu tano na kuendelea. Tazama pia maji yao. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yana chokaa inayoua uchachu mzuri wa arabika. Kwenye mgahawa unaochuja maji utaionja tofauti hata kama buni ni zile zile. Nyumbani kwa bibi nilitumia maji ya chupa, na kahawa ya robo kilo ile ile ikafunguka.

Lakini kahawa niliyoirudia kila siku ilikuwa ya dele, lile birika la wauza kahawa wa mitaani. Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana, wazee wanacheza dhumna na bao, na muuzaji anamimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Bei ni ya shilingi mia kadhaa. Haina sukari, utamu uko kwenye kashata unayouma pembeni, au halua. Tatizo ni kwamba dele linakaa juu ya mkaa muda wote, na kahawa inayochemka saa mbili inageuka dawa. Siku ya kwanza nilifika limebaki nusu, nikanywa machicha. Nikamwuliza muuzaji, "Mzee wangu, la jipya linateremka saa ngapi?" Akasema, "Baada ya alasiri, na jengine baada ya isha. Njoo nikishasalimu." Tangu hapo nilikuwa naingia dakika kumi baada ya sala. Mwezi wa Ramadhani mchana usitafute; subiri baada ya futari, barazani panajaa mpaka karibu na daku.

Kipimo chake alinipa: maji lita moja, kahawa iliyosagwa laini gramu 60 hadi 70, tangawizi kavu iliyopondwa kiasi cha ncha ya kidole. Kahawa inaingia maji yakishachemka, inaachwa itokote taratibu dakika kumi, inaepuliwa itulie dakika tano, ndipo inahamishiwa kwenye dele bila machicha. Nilimpelekea arabika yangu ya Kibosho niliyokuja nayo. Akaipika, akaonja, akasema, "Harufu nzuri, ila nyepesi, haikai kooni." Akachanganya fungu moja la yangu na mawili ya robusta ya Bukoba. Mpaka leo nyumbani napika kwa mchanganyo huo, na tangawizi naipunguza nusu.