Inategemea

Yule mzee aliyekaa kiti cha kando yangu kwenye ndege hajanitoka kichwani. Dada kamaliza matibabu salama, na mimi nimehamishwa idara, lakini nikikaa kuandika anakuja yeye.

Tulikuwa tunarudi, mimi na mpwa wangu, yule ninayemwita Bwana Maswali humu. Ndege imeshageuka mwanzoni mwa njia ya kurukia, injini zimeanza kunguruma, kijana kabandika uso dirishani.

"Mjomba, ikiwa inaiacha ardhi inakuwa na kasi gani?"

"Inategemea."

"Aa. Kwa hiyo hujui."

Kabla sijafungua mdomo, mzee akainama mbele yangu. "Kilomita mia tisa kwa saa, mjukuu wangu." Bila kupepesa macho. Na Bwana Maswali akamjibu, "Ahsante, babu," kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuionja. Tukapaa.

Mia tisa! Hiyo ni kasi ya huko juu, ndege ikishatulia kilomita kumi au kumi na moja kutoka chini. Ndege nyingi kubwa za abiria huiacha ardhi zikiwa kwenye kilomita 240 hadi 290 kwa saa. Hata Concorde, ambayo mabawa yake ya pembetatu hayakuwa na flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili libebe zaidi) na ikabidi ikimbie zaidi ya wenzake, ilipaa kwenye karibu 400. Nimemjibu mzee huyu bafuni, nimemjibu jikoni, nikamjibu tena katikati ya makabidhiano ya ofisi. Kila mara namshinda, na yeye hana habari.

Wala si namba inayoniuma. "Inategemea" ndilo jibu lenyewe! Ndege ileile, rubani yuleyule, kasi ya asubuhi na ya mchana hazilazimiki kufanana. Ikijaa watu, mizigo na mafuta, inahitaji mbio zaidi ndipo mabawa yaweze kuibeba. Flapu zikishushwa zaidi, inanyanyuka mapema. Joto likizidi, hewa inapungua uzito, na kwenye miinuko ni vivyo hivyo: El Alto, uwanja wa La Paz kule Bolivia, uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na magurudumu hukimbia kwelikweli kabla mabawa hayajapata hewa ya kutosha. Ndiyo maana njia yake ina urefu wa kilomita 4. Halafu upepo. Ukivuma kutoka mbele kwa kilomita 30 kwa saa, mabawa yanapata hewa ya kasi ya 250 wakati magurudumu yako kwenye 220. Sasa mtoto nimpe ipi? Na kukimbia kwenyewe ni kama nusu dakika tu, imekwisha.

Juzi usiku nilikuwa natafuta silaha zaidi za kumpiga nazo mzee wa watu, nikakutana na V1, hasira ikayeyuka. Ni kasi ambayo marubani huikokotoa kabla ya kila safari. Chini yake, likitokea tatizo kubwa, wanaweza kufunga breki na kusimama ndani ya njia. Wakishaipita, hata injini moja ikizima, wanaendelea: njia iliyobaki haitoshi kusimama, na ndege imeundwa iweze kupaa kwa nguvu iliyosalia. Basi ikitamkwa "V1", kapteni anaondoa mkono kwenye vishikio vya injini. Anauondoa makusudi, asije akashawishika kuvirudisha nyuma. Sekunde chache baadaye pua inanyanyuliwa.

Huo mkono umenikaa. Nimepanda ndege miaka yote hii nikiwaza mikanda na begi la juu, kumbe mbele kule kuna mtu anajinyima nafasi ya kughairi.

Nikampigia Bwana Maswali simu, nikamsimulia. Kimya. Kisha, "Anauweka wapi?"

Nikauma ulimi, maana jibu lilikuwa lilelile. Kama ni yeye anayeirusha, kwenye usukani. Kama ni msaidizi wake, mapajani. Nikamwambia hivyohivyo, bila lile neno. "Sawa," akasema, akakata kwenda kucheza. Sikumbuki lini nimefurahia "sawa" kiasi hicho.

Jumatatu bosi mpya kaitisha kikao, hakuna ajenda. Kila mtu aje na orodha ya kazi anazozifanya peke yake. Yangu mpaka sasa ina mstari mmoja, na hata huo nasaidiwa.