Mashine Inayojua Ilipo: Kuihuisha Ruta Kuukuu ya CNC

Leo nimemaliza kazi iliyokuwa ikiniita kwa muda mrefu: kung'oa mfumo wa zamani wa udhibiti katika ruta yangu ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ile ya kuchongea mbao na plastiki, na kuiwekea kidhibiti kipya, mota mpya, draiva mpya (vifaa vinavyozipa mota umeme) na programu mpya. Ninaandika mapema, mambo yakingali mabichi akilini, kwa sababu faida niliyoitarajia siyo iliyonifurahisha zaidi. Nilitarajia kasi, na kasi imepatikana. Hata hivyo, ninachokithamini kuliko kasi ni kwamba mashine sasa inajua ilipo, na isipojua husimama na kusema.

Niseme kwanza kwamba mashine yenyewe haikuwa mbovu. Fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri, reli zilizonyooka na skrubu za gololi, zile zinazozungushwa na mota ili kuisogeza mashine, zinazopakwa grisi kwa wakati wake huishi miaka mingi kuliko kompyuta yoyote. Kabla ya kununua chochote nilifunga geji ya mshale kwenye meza, nikausogeza kila mhimili (yaani kila upande wa mwendo wa mashine) mbele kisha nikaurudisha nyuma, ili nisome ni mwendo kiasi gani unaopotea skrubu inapogeuza upande. Kwenye mhimili wa X ulipotea mwendo wa milimita 0.03, na kwenye Y kiasi kama hicho. Kwa kazi ya mbao hiyo ni hali nzuri sana. Kama geji ingeonyesha nusu milimita, fedha zangu zingekwenda kwenye nati na beringi badala ya elektroniki, kwa maana programu haiwezi kuuondoa ulegevu wa chuma. Inaweza kuufidia tu, na fidia hiyo haisaidii sana pale kisu kinaposukumwa huku na huku na mbao kinayoikata.

Kilichokuwa kimezeeka ni kichwa chake. Kompyuta iliyoiendesha ilitumia mfumo endeshi wa biti 32 uliokwisha kuachwa na watengenezaji wake, nayo iliwasiliana na mashine kupitia ile poti pana ya pini 25 ambayo zamani ilikuwa ya printa. Katika mpangilio huo, kompyuta ndiyo hutengeneza kila pigo la umeme linaloisogeza mota, na ikishughulishwa na jambo jingine hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, pigo huchelewa na mota hukwaruza. Kwa sababu hiyo kila kazi ndefu ilianza kwa kuzima mtandao na kufunga programu nyingine zote. Tena poti ya aina hiyo haipatikani katika kompyuta nyingi za sasa, hivyo siku ambayo ubao mama ungekufa, mashine nzima yenye chuma kizuri ingekaa bure.

Kuchagua kidhibiti kulianza na hesabu fupi. Mota ya stepa ya kawaida hupiga hatua 200 katika mzunguko mmoja, kila hatua ikiwa nyuzi 1.8. Draiva ikiigawa kila hatua mara 8, mzunguko mmoja huhitaji mapigo 1,600. Na kwa kuwa skrubu zangu husogeza milimita 5 kwa mzunguko, milimita moja ni mapigo 320. Nikitaka mwendo wa mita 6 kwa dakika, yaani milimita 100 kwa sekunde, kidhibiti hakina budi kutoa mapigo 32,000 kila sekunde kwa mhimili mmoja. Grbl, programu huria inayoenea ndani ya kibao kidogo cha Arduino Uno, hufikia takriban mapigo 30,000 kwa sekunde, na ninaiheshimu sana, kwa sababu imewafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kamwe kumiliki mashine ya namna hii. Kwa mashine ndogo ya mezani inatosha kabisa. Kwa yangu ingelazimika kufanya kazi kwenye ukomo wake wakati wote.

Ndiyo maana nilichagua LinuxCNC, programu huria ambayo chimbuko lake ni mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, pamoja na kadi ya Mesa inayounganishwa kwa kebo ya Etheneti. Katika mpangilio huu kompyuta haitengenezi mapigo tena. Kila milisekunde huiambia kadi mwendo unaotakiwa, na chipu iliyo kwenye kadi ndiyo inayoyapiga mapigo kwa mpangilio usioyumba. Tofauti niliisikia kwa masikio kabla sijaipima: mota zinatoa sauti moja laini kutoka mwanzo wa mwendo hadi mwisho, na ukipitisha kidole kwenye ukingo wa duara lililokatwa, zile alama za mtetemo zilizokuwa zikinilazimu kutumia msasa hazipo.

Mota zenyewe zilinipa kazi ndogo, kwa kuwa uso wa mota za kipimo cha NEMA 23 ni ule ule kwa watengenezaji wote, na mpya zilikaa kwenye matundu ya zamani bila kutoboa chochote. Tofauti iko nyuma yake, ambako kuna enkoda. Mota ya zamani ilipokea mapigo na kuaminiwa tu kwamba imeyafuata. Ikikwama kwenye fundo la mbao ilinguruma kidogo, ikapoteza hatua kadhaa, kisha kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, huku kila kitu kilichofuata kikikatwa mahali pasipo pake. Mota yenye enkoda humrudishia draiva habari za mahali ilipo, naye akiona pengo kati ya mahali palipoamriwa na mahali palipofikiwa limezidi kiwango, hutoa ishara ya hitilafu.

Jambo hili nilitaka kulishuhudia kwa macho. Nilifunga gogo la mbao ngumu mezani kwa vibano, nikatoa kisu kwenye spindo, mota inayokizungusha, nikaliamuru daraja, ile boriti inayopita juu ya meza na kubeba spindo, lisogee polepole hadi bamba lake ligonge gogo. Liligonga, likajikaza kwa muda mfupi sana, kisha mihimili yote ikasimama kwa pamoja na skrini ikataja mhimili ulioshindwa. Nimefurahia mambo mengi katika kazi hii, lakini hakuna lililonigusa kama kusimama kule. Ubao mzuri ulioharibika nusu ya kazi bila mtu kujua ni hasara inayouma, na mashine hii imeacha kuificha.

Daraja nalo lilihitaji uangalifu wa pekee. Linasukumwa na skrubu mbili, moja kila upande, kila moja na mota yake, na zamani ishara moja iligawanywa kwa mota zote mbili. Kama daraja lilikaa mshazari umeme ulipozimwa, liliamka mshazari. Sasa kila upande una swichi yake ya mwanzo, na mashine inapotafuta sifuri, yaani mahali pake pa kuanzia, kila mota husimama kwenye swichi yake, hivyo daraja hujinyoosha lenyewe. Ili kuhakikisha, nilitoboa vitundu vinne kwenye pembe za mstatili wa milimita 600 kwa 800, ambao ulalo wake lazima uwe milimita 1,000 kamili pande zote mbili. Rula ndefu ya chuma ilionyesha kwamba ulalo mmoja unauzidi mwingine kwa milimita 1.2. Hapakuwa na haja ya kufungua bolti wala kugonga chochote: nilibadilisha namba moja kwenye faili la mipangilio, inayoeleza umbali wa swichi ya upande mmoja kutoka sifuri, nikatoboa upya, nikabadilisha tena kidogo, hadi rula ikakosa tofauti ya kuionyesha.

Nyaya ndizo zilizokula muda mwingi kuliko vyote. Inveta inayoendesha spindo hutoa kelele nyingi za umeme, na swichi za zamani zilizotumia volti 5 zilikuwa zikizidaka kelele hizo na kusimamisha kazi bila sababu. Swichi zote sasa ni za volti 24, kebo ya spindo imezungushiwa wavu wa shaba uliounganishwa na waya wa ardhi, na nyaya za ishara zinapita mbali nayo. Kila swichi ya kikomo imefungwa kwa namna ambayo sakiti huwa imekamilika wakati wa kawaida, hivyo waya ukikatika mashine husimama badala ya kuendelea ikiwa kipofu. Swichi ya dharura nayo haipitii kwenye programu hata kidogo. Inakata umeme wa draiva moja kwa moja kupitia relei, na kompyuta hupewa taarifa tu kwamba umekatwa. Kwa jambo hili sikubali mjadala.

Spindo sasa inapata amri zake kwa njia ya RS-485, aina ya mawasiliano ya data kwa nyaya, na programu husubiri inveta ithibitishe kwamba kasi imefikiwa ndipo kisu kiguse mbao. Kwa spindo yangu, hezi 400 ni mizunguko 24,000 kwa dakika. Mafaili yangu ya zamani ya kuchonga yamekubali kusomwa baada ya kurekebisha mistari michache ya mwanzo. Utaratibu wa kuandika amri za mashine unaotumika katika mafaili hayo ulichapishwa kama kiwango cha RS-274-D mwaka 1980, ukitokana na kazi iliyoanza wakati maabara ya MIT ilipoonyesha mashine ya kukata chuma inayoendeshwa kwa utepe wenye matundu mwaka 1952, na faili niliyoiandika kwa ajili ya kidhibiti kilichokufa bado inachonga ua lile lile.

Limebaki jambo moja ambalo sitaki likae muda mrefu. Skrubu ya gololi huteleza kirahisi sana, kiasi kwamba uzito ukiikalia huizungusha wenyewe. Nikibonyeza swichi ya dharura, mota ya mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, hupoteza nguvu na spindo hushuka taratibu hadi ifike kwenye kilicho chini yake. Mota yenye breki nimekwisha kuiagiza. Breki yake huachia inapopewa volti 24 na hukamata zinapoondoka, nayo itaunganishwa na draiva ili isiachie kabla mota haijashika uzito. Hadi itakapofungwa, kila ninapokwenda kubadilisha kisu ninaweka kipande cha mbao chini ya spindo kwanza.