Siku moja ya fundi wa seva Mtwara, msimu wa korosho

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado inasikika kutoka msikiti wa jirani simu yangu ilipoita. Mpigaji alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha ushirika, na kabla hata ya kunijulia hali alisema, "Dada, tovuti inazunguka tu." Ilikuwa saa 11:10, siku moja baada ya mnada. Mnada ukishapita, wakulima wa Tandahimba na Newala hufungua simu zao karibu kwa wakati mmoja, wakitafuta bei iliyopatikana na hatua yaliyofikia malipo yao.

Mtaani kwetu Magomeni najulikana kama binti wa kompyuta, yule anayefufua printa na kuweka nyimbo kwenye flashi. Sikatai, printa nazo hunipatia nauli. Lakini kazi ninayolipwa mshahara ni kuzishauri ofisi za huku kusini zinunue seva gani (kompyuta inayotunza tovuti na taarifa za ofisi), diski gani na vifaa gani vya mtandao, kisha kuvifunga na kuvitunza. Bosi wangu ana duka la vifaa hivyo, na ndiyo maana shauri langu likiwa zuri kwa mteja, mara nyingi huwa baya kwa mauzo.

Saa 1:00 hadi saa 2:30 nilikunywa chai na chapati, nikapanda bajaji, nikafungua duka na kukusanya vifaa vyangu.

Saa 3:00 nilikuwa ofisini kwa mteja, jengo la zamani lililo karibu na bahari, ambako upepo wa chumvi huingia hata madirisha yakifungwa. Nilimwamkia mwenyekiti, akaitikia "Marahaba mwanangu," na kabla sijakaa akanisukumia profoma aliyoletewa na muuzaji mmoja. Ilikuwa ya seva mpya yenye prosesa mbili, yaani bongo zinazofanya hesabu, na kumbukumbu ya gigabaiti 128, kwa bei inayotosha kununua pikipiki kadhaa. Niliisoma hadi mstari wa mwisho, na pale chini, kwa herufi ndogo, nikaona kwamba diski zake ni zile za kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika, sawa kabisa na zilizomo kwenye seva anayotaka kuitupa.

Nilimwomba nusu saa nipime kwanza, na nusu saa hiyo ikafika saa nane mchana.

Vipimo vyenyewe havikunichosha. Seva ilionyesha kwamba prosesa inafanya kazi kwa asilimia 9 tu, na karibu theluthi ya muda wake inakaa bure ikisubiri diski. Diski ya kuzunguka husogeza kichwa chake kutoka sehemu moja hadi nyingine, hivyo usomaji wa hapa na pale hauvuki sana mara mia moja kwa sekunde, ilhali diski ya SSD ya kawaida, isiyo na kitu kinachozunguka, hufikia makumi ya maelfu. Aidha, jedwali la malipo halikuwa na faharasa, yaani orodha ya kuonyesha kila kitu kiko wapi, kwenye namba ya mwanachama, kwa hiyo kila mkulima aliyeuliza habari zake aliilazimisha seva kupekua orodha nzima kuanzia mwanzo.

Kilichonichosha ni kuyaeleza hayo. Mwenyekiti aliniuliza mara nne kwa nini kompyuta kubwa isishinde ndogo, na kila nilipofika katikati ya jibu simu yake iliita, naye akatoka barazani kuzungumza juu ya magunia. Aliporudi tulianza upya. Mwishowe nilimwambia, "Mzee, karani wako ni hodari, ila ghala lina mlango mmoja na mpagazi mmoja. Ukiajiri makarani wengine kumi, magunia hayatatoka upesi zaidi." Alinyamaza kidogo, akamtazama mhasibu, akasema kwamba mimi ni mtoto wa kike ninayependa maneno mengi. Nilimeza mate.

Halafu likaja suala la picha. Ukurasa wa kwanza wa tovuti ulikuwa na picha yake akimpokea mgeni rasmi, iliyopandishwa jinsi ilivyotoka kwenye kamera, yenye uzito wa megabaiti 6. Laini yao ya intaneti ni ya megabiti 20 kwa sekunde, yaani megabaiti mbili na nusu, kwa hiyo watu kumi wakifungua ukurasa huo kwa pamoja, picha hiyo peke yake huishika laini nzima kwa sekunde 24. Nilijua kwamba nikisema picha ndiyo tatizo, atasikia kuwa yeye ndiye tatizo, na ndivyo ilivyokuwa. Ilibidi nitengeneze nakala ya kilobaiti 150, niziweke zote mbili kwenye simu yake bila kumwambia ipi ni ipi, kisha nimuulize ipi inapendeza zaidi. Alichagua ndogo. Mhasibu alicheka hadi akatoka nje.

Nilikula wali na samaki kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, nikiwa nimesimama.

Mchana huo ndipo nilipoona taa ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo. Tundu inapochomekwa kebo ya seva lilikuwa likiwaka rangi ya chungwa badala ya kijani, maana yake kwa swichi ile ni kwamba mawasiliano yako kwenye megabiti 100 wakati pande zote mbili zina uwezo wa gigabiti moja. Nilichomoa kebo nikakigeuza kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha, nikaona zile shaba mbili za mwisho, za jozi ya kahawia, zimeota ukungu wa kijani wa chumvi. Megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu za nyaya, lakini gigabiti huhitaji zote nne. Moja ikifa, vifaa hushuka kasi kimyakimya na kazi huendelea kwa kuchechemea. Nilikata kichwa, nikazipanga upya nyaya nane, nikabana kichwa kipya kwa koleo, nikachomeka. Taa ikawa kijani. Kwa mkulima aliye Newala hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa laini ya kutoka nje ni ile ile ya megabiti 20, lakini nakala rudufu ya gigabaiti 180 kwenda kwenye kompyuta ya chumba cha uhasibu, ambayo ingechukua zaidi ya saa nne, ilimalizika kwa dakika 35. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha taa ile. Nilibaki nikiitazama peke yangu.

Umeme ulikatika wakati nikiongeza faharasa, na betri ya UPS, kifaa kinachoishikilia seva umeme ukikatika, ikadumu dakika nne, jambo lililonipa mstari mwingine wa kuandika kwenye orodha ya manunuzi.

Jioni mwenyekiti aliidhinisha diski mbili za SSD za gigabaiti 960 na betri mpya. Kumbukumbu ya kutoka gigabaiti 8 hadi 32 alisema isubiri kikao cha bodi. Nilimpelekea bosi karatasi hiyo. Aliisoma, akaniuliza seva iko wapi, nikamjibu kwamba hawaihitaji, akairudisha mezani bila neno.

Diski mbili za zamani zilikuwa zikiakisiana, kila moja ikibeba nakala ile ile ya kila kitu, kwa hiyo ningeweza kutoa moja, kuweka SSD, kuisubiri inakili kila kitu, kisha kubadilisha ya pili. Kazi hiyo hufanywa usiku, wageni wa tovuti wakiwa wachache. Ya kwanza ilichukua saa moja na nusu, kwa sababu chanzo kilikuwa diski ya kuzunguka, nami nilikaa sakafuni nikiwa nimeegemea kabati, miguu imevimba, nikimsikiliza mlinzi akisimulia habari za shamba lake la Nanyamba. Ya pili ilikuwa imefika asilimia 71 niliposikia honi ya bodaboda niliyemwita. Nilimwomba mlinzi akamwambie anisubiri dakika sita.