Bamvua na Darasa la Sita

Saa 11 alfajiri. Natoka msikitini, mwezi bado uko magharibi. Ulikuwa mpevu juzi, kwa hiyo leo ni bamvua. Hapa Jambiani, pwani ya Zanzibar, kila mtoto anajua maana yake: maji yatakupwa sana, kina mama watashuka pwani kwenye mashamba ya mwani.

Saa 1:30. Naita majina. Wasichana 3 hawapo. Zamani ningewaandika watoro nikafunga daftari. Leo najua tutawakuta wapi.

Saa 3. Hisabati, uwiano. Wiki iliyopita nilifuata mfano wa kitabuni wa kuchanganya rangi za nyumba; wakanakili wote, wakakosa karibu wote. Leo mezani pana mzani na mwani tuliouanika wenyewe nyuma ya darasa. Ukiwa mbichi ulikuwa kilo 8. Nanyoosha mkono nipime, mwanafunzi wa dawati la mwisho, ambaye tangu Januari sijamsikia sauti, ananizuia.

"Maalim, bado huo."

Anachukua konzi moja, anaufinya, anafungua kiganja. Kimelowa.

"Mvua ya jana. Ukiuza hivi, mnunuzi anakurudishia."

Tunaurudisha juani.

Saa 5. Pwani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Bamvua hapa kwetu kujaa na kupwa hupishana karibu mita 4, na leo vigingi vyote viko wazi. Wasichana wetu 3 wako na mama zao wanafunga mbegu kwenye kamba. Nawapa daftari wapime nafasi kati ya fundo na fundo. Tunazungumza jinsi mwezi na jua vinavyovuta bahari kwa pamoja, na kwa nini baada ya wiki yatakuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mama mmoja ananyanyuka, maji magotini.

"Maalim, mie naufuata mwezi miaka yote. Sikujua kama skuli mnasomesha haya."

Nimekaa na maneno yake mchana kutwa.

Saa 8. Mwani umekauka: kilo 1 na robo. Wanabishana, wanafuta, wanafika 32 kwa 5.

Saa 2 usiku. Nasahihisha. Yule wa dawati la mwisho ameongeza swali lake mwenyewe chini ya ukurasa: "Mama akitaka kilo 40 kavu, avune mbichi kilo ngapi?" Amejibu 256. Naweka vema.